Bwana Kufuli na Mashua ya Watu Wawili

Kazini walimwita Bwana Kufuli, na jina hilo hakulipata kwa kuonewa. Alilinda geti la ghala la vipuri tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na muda wote huo halikupita begi, kikapu wala mfuko wa nailoni bila yeye kutia pua. Alimkagua mkurugenzi. Alimkagua daktari aliyekuja mbio kumtibu mtu aliyezimia, na mgonjwa akazinduka mwenyewe kabla daktari hajaruhusiwa kufunga mkoba wake. Nyumbani tu ndiko hakukagua kitu, kwa sababu nyumbani alikuwa amelala.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache na mwiko mrefu. Wakati wa uchumba Kufuli alimwahidi kwamba siku moja atampandisha mashua, wao wawili peke yao, yeye akipiga makasia na bibie akichezesha vidole majini. Ahadi za uchumba kila mtu anazijua. Wapo walioahidi mwezi na wakaishia kununua taa ya mafuta. Tatizo ni kwamba mwanamke huyu alikuwa hasahau. Watoto walizaliwa, wakakua, wakahama na vijiko vya mama yao, na mashua haikuonekana. Kila mwaka kulikuwa na zamu.

Mwaka huu ghala lilifungwa kwa ukarabati, Kufuli akasukumwa likizo kwa nguvu, na mkewe akafunga mizigo kabla mtu hajabadili mawazo. Walifikia kwa dada yake, katika mji mkubwa wenye bustani ambayo, kwa maneno ya shemeji huyo, ukiingia kijana unaweza kutoka na mvi.

"Nataka kitu kimoja tu," mkewe alimwambia asubuhi, akimfunga vifungo vya shati. "Leo tupande ile mashua. Ukinikosesha na leo, sikuombi tena. Nitakupikia, nitakufulia, lakini kukuomba, basi."

Kufuli alicheka. Halafu akaona mwenzake hacheki, akaogopa kidogo.

Bustani ilikuwa kubwa kweli. Ilikuwa na nyasi zilizonyolewa, vibao vya kukataza kila kitu kinachofurahisha, na watu wazima waliokuwa wakikimbia bila kufukuzwa na mtu. Katikati palikuwa na bwawa na mashua ndogo za rangi. Mkewe alikata tiketi mbili, akapanga foleni. Kufuli akasema anakwenda chooni mara moja, na wallahi alikuwa anakwenda chooni kweli. Ila choo chenyewe kilijengwa karibu na geti.

Alipotoka, akijikausha mikono kwenye suruali, alimwona mtu anaingia na begi kubwa kama godoro lililokunjwa, na mlinzi wa geti, bwana mmoja mnene, anajikuna mgongo kwenye nguzo bila hata kugeuza shingo. Kufuli alisikia uchungu kabisa. Alikohoa.

"Bwana. Begi."

Yule mtu alisimama na kufungua zipu, kwa sababu sauti ile ilikuwa imewasimamisha hata wakurugenzi. Mlinzi mnene naye akamtazama Kufuli kuanzia viatu hadi kofia, uso ukamchanua.

"Kumbe wewe ndiye wa kunipokea? Nimekungoja mpaka nikakata tamaa."

Sasa ieleweke: mlinzi anayesubiri kupokelewa zamu haulizi maswali mawili. Kufuli hakusema ndiyo. Lakini hapana nayo ilimkwama kooni, na kabla haijatoka, filimbi ilikuwa shingoni mwake na mlinzi mnene alishapotea nyuma ya maua.

Na hapo ndipo alipokamatika. Sheria ya kazi yao ni moja, na Kufuli aliwafundisha wengi kwa kuwapigia kelele: lindo haliachwi wazi. Mama yako anaweza kuwa anazikwa, wewe unangoja wa kukupokea. Alijua kabisa mkewe yuko kwenye foleni. Aligeuza shingo kuelekea bwawani, akaona miti tu. Roho ilimuuma. Kisha akaja bibi mmoja amekumbatia mto wa kulalia, na roho ikaacha kuuma.

"Mto wa nini, mama?"

"Nakuja kulala, baba. Nyumbani kuna wajukuu."

Aliubonyeza pembe zote nne, akampitisha. Baada ya hapo akanogewa. Alipanga watu mstari mmoja, akatenganisha wenye mikoba na wasio na mikoba, akamrudisha nyuma bwana mmoja kwa sababu tu ya namna alivyokuwa anatabasamu. Foleni ikarefuka hadi barabarani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilinyakua mwenyewe siku ya kwanza, na kwenye shamba la watu.

Jua lilishaanza kulegea. Kufuli kwa wakati huo alikuwa anakagua hata wanaotoka, na hatazami tena nyuso, anatazama mikoba tu.

"Mkoba, mama," alisema.

Mkoba ukafunguliwa mbele yake. Ndani mlikuwa na sweta la kijivu lenye kiraka kwenye kiwiko. Huyu mama naye, aliwaza, ana sweta kama langu. Palikuwa na chakula kimefungwa cha watu wawili, upande mmoja umeliwa. Palikuwa na dawa ya mgongo, ile ile anayopakwa yeye. Chini kabisa palikuwa na tiketi mbili za mashua, zote zimechanwa.

Aliinua uso taratibu, kama mtu anayejua atakachokiona.

"Endelea kukagua," mkewe alisema.

Nyuma yake alisimama mlinzi mnene, viatu mkononi, suruali imelowa hadi magotini.

"Hii ya pili," Kufuli aliuliza, akiinua tiketi moja, "nani kaitumia?"

"Mashua ni ya watu wawili. Peke yangu walinikatalia. Wewe ulikaa kwake, yeye akakaa kwako." Akafunga mkoba. "Asiyekuwepo na lake halipo, baba."

"Samahani sana, bosi," mlinzi mnene alisema. "Miaka yote niko hapa getini, hayo maji nilikuwa nayasikia tu kwa watu."

Kufuli alivua filimbi, akamrudishia. Angependa mkewe afoke, kwa sababu kufoka alikuzoea. Njia nzima mwanamke alikuwa anaimba kwa sauti ya chini.

"Ulifurahi?" alimuuliza mwishowe.

"Sana," alijibu mkewe, na jibu hilo lilimchoma Kufuli kuliko tusi.

Shemeji aliposimuliwa, alicheka hadi chai ikamtoka puani. Mkewe hakununa wala hakulalamika, na habari ya mashua hakuigusa, na Kufuli akaelewa kwamba ile ya kutomwomba tena haikuwa tishio. Ilikuwa imeshaanza.

Asubuhi alimkuta jikoni, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mke wangu. Nakuomba. Nipeleke mashuani."

Mkewe alikoroga chai kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Na geti?"

"Nitafumba macho."

Na kweli alifumba. Tangu kona ya barabara, mkewe alimshika mkono akamwongoza hatua kwa hatua, na watu waliokuwa kwenye foleni wakawapisha kwa huruma. Kufuli alisikia zipu zikifunguliwa na kufungwa ovyo ovyo pembeni yake, akakaza kope hadi machozi yakamtoka. Mlinzi mnene alimtambua, akasogea kando. Yule bibi wa mto alikuwepo tena, ila bila filimbi hakumtambua.

"Masikini," alimwambia mkewe. "Alizaliwa hivyo?"

"Hapana, mama. Ilimwanzia kazini."

Walipita. Ardhi ikawa nyasi, nyasi zikawa mbao, mbao zikaanza kuyumba, na mtu akaisukuma mashua kwa mguu.

"Haya, fumbua."

Maji yalikuwa pande zote, na geti halikuonekana. Kufuli alipapasa huku na huku akitafuta makasia aliyoyaahidi tangu uchumba. Yalikuwa mikononi mwa mkewe, na mashua ilikuwa inakwenda vizuri tu.

"Jana nilijifunza," alisema. "Yule mwenzako alikuwa anaogopa maji. Wewe tia vidole."

Akatia.