Tumbo la Helikopta ya Zihindula

Mtu anayelipua kazi upande usioonekana, hata ule unaoonekana usimwamini. Zihindula alikuwa akiwaambia watu neno hilo kwa miaka mingi, wala hakutazamia kwamba siku moja litamrudia yeye mwenyewe.

Ni mtu wa Bukavu, miaka hamsini na sita, mwembamba, miwani yake imefungwa waya kwenye sikio la kushoto. Zamani alikuwa mpiga rangi katika uwanja wa ndege kule kwao. Alichora mistari ya kuegeshea, aliandika namba, alipaka nguzo nyekundu na nyeupe. Helikopta za jeshi zilitua hapo, naye akazisoma kwa jicho la kazi yake: alijua kijani chake kinapauka wapi kwanza, na moshi wa injini unachafua wapi. Vita vilipomtoa kwao hakubeba hata burashi moja. Alibeba yale aliyoyaona.

Sasa anakaa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ugenini, huu ni mwaka wa kumi na sita, na helikopta zile anazitengeneza kwa bati la makopo ya mafuta ya kupikia. Mtu asidhani ni midoli ya kuburuta kwa kamba. Kila nusu mita ya ndege ya kweli anaifanya sentimita moja ya bati, na vipimo anavijua kwa sababu mistari ya kuegeshea aliichora yeye. Mapanga matano ya juu anayakata kwa mkasi, kisha anayalegeza kidogo nchani, kwa kuwa panga la helikopta iliyosimama huinama kwa uzito wake. Madirisha ni plastiki ya chupa za maji. Magurudumu ni soli za ndala. Ribiti, yaani vichwa vya misumari inayoshika mabati ya ndege, anazitoboa moja moja kutoka ndani kwa sindano ya bikari, mpaka bati livimbe kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Helikopta moja humla miezi minne.

Gakiza, Mrundi anayetengeneza baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, na kumpa spoku zilizokatika, hamwachi apite bila neno.

"Mzee, ndege yako ikiruka unipeleke Bujumbura."

"Haina injini, Gakiza."

"Hata mi sina pasipoti. Tutaenda vile vile."

Zihindula alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wote walimpenda kambini, na wote walimwita mzee wa midoli. Yeye alitaka jina moja tu kabla hajafa, nalo ni fundi. Na mtu aliyeweza kumpa jina hilo, kwa maoni yake, alikuwa mmoja: Bambo Nkhoma wa Area 25, mtaa wa mjini.

Bambo Nkhoma, yaani Bwana Nkhoma, ni Mmalawi mstaafu aliyetumia maisha yake kukarabati ndege za kweli. Nyumbani kwake kabati zima limejaa ndege ndogo za mbao na bati, na kila mwaka yeye na wenzake wachache huomba ukumbi wa shule jirani wakaonyesha kazi zao. Mwaka uliopita Zihindula alimpelekea helikopta yake bora. Mzee yule aliishika kama mtu anayenunua kuku sokoni. Alitazama mapanga, akatikisa kichwa kwa kukubali. Alitazama ribiti, akaguna. Kisha akaigeuza chali.

"Huku juu ni ndege," alisema kwa Kichewa. "Huku chini ni samaki."

Kweli, tumbo lilikuwa laini tupu. Kule uwanjani askari walinzi hawakumruhusu mtu kuinama chini ya helikopta. Zihindula alizijua kwa ubavu, na kwa juu alipokuwa kwenye ngazi yake. Aliomba aonyeshwe picha. Bambo Nkhoma akakataa.

"Picha ninazo mia, na kila picha ina tumbo lake, maana ndege hizi zimeundwa kwa namna nyingi. Wewe tengeneza ile uliyoiona. Mwaka ujao uniletee nzima, tutaiweka mezani na za mafundi wengine."

Mwaka ukapita. Ilibaki wiki moja, na tumbo lilikuwa bado tupu.

Shida si kwamba hapakuwa na mtu anayejua. Alikuwapo, tena nyumbani mwake. Jeannette, mkewe, ni mtu wa Fizi, wa vijiji vya mihogo juu ya ziwa, na helikopta ya namna ile iliwahi kusimama juu ya kichwa chake. Zihindula alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao, siku helikopta ilipopita juu ya Dzaleka. Jeannette alitupa beseni la unga, akajilaza mtaroni kifudifudi kwa nguo zake za kanisani. Baadaye alisema sentensi moja tu: "Kwetu ilikuyaka hivi hivi," yaani kwao nako ilikuwa ikija vile vile. Zihindula hakumuuliza zaidi, siku ile wala baadaye. Helikopta zake alizitundika darini juu ya kitanda kwa nyuzi za cherehani, zisimzuie mkewe njia wala zisikae mbele ya macho yake anaposhona.

Nami namsifu kwa kunyamaza kule. Wako waume wanaofukua kidonda cha mke ili wapate cha kusimulia kijiweni. Lakini uvumilivu nao una mlango wake wa nyuma, na Zihindula akaupitia. Alijiambia: kwa kuwa siwezi kumuuliza, basi nitabuni. Akabandika visanduku vitatu vya bati tumboni, akachora mistari miwili, akapiga ribiti huku na huku ili mambo yaonekane mengi. Ulikuwa uongo uliopigwa rangi vizuri. Mkono wake ulijua, maana kwa mara ya kwanza alifanya kazi haraka.

Juma hilo Jeannette alikuwa amelala na malaria. Alasiri ya siku ya tatu, homa imeshuka, Zihindula aliingia chumbani taratibu, akapanda juu ya kigoda ili aitundike helikopta mpya rangi ikauke.

"Na hiyo umeikosea," sauti ikasema kutoka kitandani.

Alidhani mkewe anaota. "Mama Rosette, lala."

"Nimelala siku tatu, nimechoka kulala. Nasema umeikosea. Tumbo. Na ile ya pale. Na ile ya kwa dirisha. Zote ulizikosea."

Zihindula alisimama juu ya kigoda kama kuku aliyeshikwa jikoni. Akaangalia chini, akamwona mkewe chali kwenye mto. Akaangalia juu, akayaona matumbo manne ya bati. Miaka yote hiyo alizificha helikopta zake mahali pekee ambapo mkewe hakuweza kutazama kitu kingine.

"Kwa nini hukunisemea?"

"We uliniuliza?"

"Niliogopa kukuumiza."

"Papa Rosette," Jeannette alisema, akajikaza kuketi, "kila asubuhi nafungua macho, naona samaki nne. Njo hiyo inaniumiza. Nasema moyoni, huyu mwanaume ana akili yote hii, na tumbo hajui."

Akacheka mpaka akakohoa. Zihindula akateremka, akampa maji, akaketi ukingoni mwa kitanda na helikopta mapajani.

"Mi njo nililala chini yake," mkewe akasema. "We ulikuwa ku ngazi na rangi yako. Leta kalamu."

Akaeleza. Walikuwa wawili shambani, yeye na mdogo wake Mamy, aliyekuwa na miaka saba. Helikopta ilishuka, mihogo yote ikalala, nao wakaanguka chali kwa upepo. Mamy akaanza kulia. Jeannette aliogopa kwamba mtoto atainuka akimbie, basi akamshika mkono, akamwambia sikioni: usilie, hesabu. Hesabu vitu viko ku tumbo yake.

"Akahesabu. Mlango wa mviringo katikati, sawa kifuniko cha sufuria: moja. Kasanduku kabapa chini ya mkia: mbili. Fimbo nyuma kabisa, ile ya kuzuia mkia usigonge chini: tatu. Taa. Mafuta meusi yanatiririka kwenda nyuma, njia mbili, akahesabu zote mbili. Akafika kumi na saba, ile kitu ikaenda zake. Haikufanya kitu. Tukabaki pale na mchanga kwa meno."

"Kumi na saba," Zihindula alisema polepole. Akaiandika namba hiyo.

"Mamy iko Uvira sasa, ana batoto batano, na mpaka leo anahesabu kila kitu. Hata sukari ku chai." Akaigonga kalamu kwa kidole. "Andika na kiraka."

"Kiraka gani?"

"Mi ni fundi wa nguo, kiraka siwezi kusahau. Hapa, karibu na gurudumu la kushoto. Bati la rangi ingine, la mraba. Bamelishona pande tatu kwa misumari midogo midogo, ya nne bameacha wazi. Nilijisemea, nani huyu alishona kazi mbaya hivi?"

Zihindula alibandua visanduku vyake vya uongo vyote. Siku nne alifanya kazi palepale kitandani, mkewe akimsahihisha, mara nyingine kwa kumpiga kidole. Ugomvi haukukosa. "Kubwa mno!" "Wewe uliiona kwa woga, woga hukuza vitu." "Na we uliiona kwa mshahara!" Jirani waliosikia walidhani ni ndoa inavunjika.

Jumamosi walipata kibali cha kutoka kambini, wakaenda wote wawili. Jeannette alikuwa bado hajapata nguvu, lakini alisema hawezi kuacha tumbo lake liende peke yake.

Ukumbini meza zilikuwa zimepangwa, milango haijafunguliwa kwa watu. Bambo Nkhoma aliigeuza helikopta chali bila hata salamu ya pili. Alitazama mlango wa mviringo, kisanduku, fimbo, michirizi ya mafuta. Uso wake ukalegea. Kisha kidole kikasimama.

"Hiki nini?"

"Kiraka," Zihindula akasema.

"Helikopta ya aina hii haina kitu hapa. Nimezifanyia kazi. Umeharibu kazi nzuri kwa pambo. Kiondoe, rangi ninayo hapa, dakika tano tu, tunaiweka katikati ya meza. Kazi ya fundi."

Neno lile alilolingoja miaka yote lilikuwa limetamkwa, na bei yake ilikuwa kipande cha bati kidogo kuliko ukucha. Zihindula alimtazama Jeannette. Jeannette alikuwa akitazama meza.

"Zikomo, bambo," Zihindula alimshukuru, akainyoosha mikono yote miwili aipokee helikopta yake. "Hakitoki. Hii si aina. Ni ile moja. Aliyeiona ni mke wangu, na mimi siwezi kufuta alichokiona ili niitwe fundi."

Bambo Nkhoma hakuiachia. Alivuta miwani puani, akaisogeza helikopta dirishani, akakitazama kile kiraka upya, ribiti kwa ribiti. Akafika upande wa nne usio na ribiti. Akapitisha kidole hapo mara mbili.

"Huyu alikuwa na haraka," alisema mwishowe, kwa sauti nyingine kabisa. "Aliitwa kabla hajamaliza, wakaruka nayo hivyo hivyo. Mimi pia nimewahi kuiacha kazi hivyo." Akamgeukia Jeannette. "Mama, uliiona kwa umbali gani?"

Zihindula alimtafsiria. Jeannette akainua uso, akalitazama paa la ukumbi, akapima kama anavyopima kitambaa.

"Hii paa mara mbili," alisema.

Mzee yule akavua kofia yake. Akaiweka helikopta katikati ya meza, akachukua kadi na kalamu, akauliza majina ya mafundi, yote mawili, akaandika kwa herufi kubwa bila haraka. Zihindula alisoma kadi, akafuta miwani, akaisoma tena.

"Papa Rosette," mkewe akamwambia, "simama vizuri, bantu banakuja. Na unitafutie kiti."

Akamletea kiti, akasimama nyuma yake, mkono begani pake, wakangoja milango ifunguliwe.