Chai ya Dirishani

Klabu yetu ya magari ya zamani hukutana kila mwezi nje ya mkahawa mmoja wa mji wa Bidbid. Hatushuki. Ndiyo desturi ya huku: unapiga honi, chai inaletwa dirishani, unafunga kioo baridi ya kiyoyozi isitoke. Maongezi tunaandikiana kwenye simu.

Juzi gari la mwenzetu marehemu liliingia, likiendeshwa na mjane wake kutoka Ibra. Akanigongea kioo.

"Shikamoo, bibi."

"Marhaba, mwanangu. Mume wangu nyumbani hakuwa msemaji. Nikidhani maneno yote anayaleta huku. Alikuwa akisema nini?"

Nikalisifu gari lake.

"Gari nalijua. Yeye je?"

Nikashuka. Wenzangu nao wakashuka, tukamzunguka, kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze.

Klabu ya magari kweli. Watu bado hatujajiunga.