Dole Gumba la Pandashuka

Mtaani walimwita Pandashuka, na hakuwahi kukasirika, kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha: alitengeneza lifti. Kutwa nzima alikuwa ndani ya mashimo ya majengo marefu, tochi mdomoni, akisikiliza gia zinavyolalamika, na jioni alirudi nyumbani akinuka grisi. Mtu mwingine hapo angeoga, akala, akalala. Yeye alioga, akala, kisha akakaa sakafuni sebuleni kucheza na vitofali vya plastiki.

Neno "kucheza" lilikuwa la mke wake, fundi cherehani, na la dada yake, ambaye hakuingia nyumba ile hata siku moja bila kuuliza, "Wifi, mtoto wako ameshakula?" Pandashuka mwenyewe alisema anabuni. Na tumtendee haki, hakuwa akipanga vijumba. Alikuwa na mota ndogo, nyaya, gia za ukubwa wa kifungo cha shati, ekseli, pini na fito zenye matundu, vyote amevinunua kidogo kidogo kwa familia ambazo watoto wao wamekua wakaachana na michezo. Wa kwake pia alikua, binti mmoja, akaenda zake chuo. Baba hakuonyesha dalili yoyote ya kufuata mfano huo.

Kazi iliyomvimbisha kichwa ilikuwa lori la taka. Lile la kweli lilipita chini ya dirisha lao asubuhi, na yeye alisimama pale na mswaki mdomoni akilitazama linavyonyanyua mapipa, mpaka povu likamchuruzika kidevuni. La kwake lilifanya vilevile. Ukibonyeza rimoti, mkono unashuka ubavuni, unakamata pipa, unalinyanyua, unalimwaga, unalirudisha chini polepole bila kulidondosha. Lilikaa juu ya kabati la vyombo, na sheria yake ilikuwa moja tu: "Usiguse!" Mkewe alifuta kabati zima akilizunguka kwa kitambaa, hivi kwamba lori lilikuwa limeegeshwa kwenye kiwanja chake binafsi cha vumbi.

"Hata mimi nilipokuwa na mimba hukunilinda hivi," alimwambia.

"Wewe hukuwa na gia kumi na nne."

Binti ndiye aliyemfundisha kuweka maelekezo mtandaoni ili mtu yeyote mwenye vitofali aweze kujenga lori kama lile, bure. Picha kwa picha, hatua kwa hatua. Watu wasiomjua walimsifu, wakamwekea mioyo na makofi, naye akawasomea sifa hizo watu wa nyumbani kwake, yaani mkewe, ambaye alikuwa na pini mdomoni na hakuweza kukimbia. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kutuma picha ya lori alilolijenga kwa mikono yake. Hilo lilimuuma, na alikuwa akilisema waziwazi.

"Labda wanajipanga."

"Labda wana kazi za kufanya," mkewe alijibu.

Ndipo Ijumaa moja ukaingia ujumbe kutoka kwa muuguzi wa mji wa mbali. "Shikamoo fundi. Baba yangu aliendesha lori la taka mpaka akastaafu. Siku hizi miguu imemgomea, hatoki ndani. Nimemjengea lori lako kwa siri, Jumapili tunamfanyia sherehe ya kuzaliwa. Lakini mkono haunyanyuki, mota inanguruma tu. Nimelibomoa nikalijenga tena mpaka vidole vinauma. Naomba unisaidie, ndugu zangu wote nimeshawaahidi."

Pandashuka alirukaruka sebuleni. Mtu amelijenga! Kisha akausoma tena, na uso ukamkunjika.

"Amekosea mahali. Watu hawasomi maelekezo." Akaanza kuandika: Fuata picha kama zilivyo.

Mkewe akamnyang'anya simu. "Umejuaje kama kosa ni lake?"

"Kwa sababu langu linafanya kazi."

"Baba, gauni nililolishona mwenyewe halikosi kunikaa. Mpe mtu mwingine paterni yangu ya kukatia, hapo ndipo utajua kama mimi ni fundi. Nipe nilijenge mimi, kwa picha zako hizohizo. Likifanya kazi, mtumie hilo jibu lako la kiburi."

"Utajenga kwa vitofali gani? Sina vingine vya aina ile."

Mkewe aliinua tu macho, akayapeleka juu ya kabati.

Pandashuka akalitazama lori. Ile ilikuwa kazi ya miezi, kila gia ameipata kwa kubembeleza. Na je, lisiporudi kama lilivyokuwa? Akajaribu kusema kwamba labda betri za yule muuguzi ni mbovu. Akajaribu kusema kwamba hata hivyo ni mchezo tu, na hapo mwenyewe akasikia alichokisema.

"Mzee wa watu," mkewe alisema kwa upole, "atawekewa mbele ya wageni lori lililoharibika."

Asubuhi ya Jumamosi Pandashuka akalishusha. Alilifungua kwa vidole vilivyozoea, bila hata kuvitazama, akavimimina vitofali vyote kwenye beseni la mkewe la vitambaa. Masharti yalikuwa haya: mke anajenga kwa kufuata picha za simuni, mume anakaa kwenye kiti, kimya. Akisema neno, anapika wiki nzima.

Mkewe alijenga kama anavyoshona, bila pupa, akigeuza kila kipande kukitafutia uso na mgongo. Chesisi, ile fremu ya chini, ikasimama. Magurudumu yakaingia. Mume wake kule kitini alikuwa katika mateso makubwa. Alikohoa. Alimeza mate. Mkewe alipochukua pini ya njano badala ya nyeusi, alifumba macho. Nusu ya lori ikapita, na alishaanza kutabasamu tabasamu la mtu anayetunga sentensi ya "nilikwambia."

Kisha wakafika kwenye ekseli, kijiti kinachouzungusha mkono.

Picha ilionyesha fito zimeshafungwa pande zote mbili, na ekseli iko katikati, imetulia. Mkewe akaisukuma kutoka kushoto, ikagoma. Kulia, ikagoma. Akaipenyeza kwa nguvu, ikaingia upande, gia zikabanana. Akabonyeza rimoti. Mota ikanguruma, mkono haukunyanyuka hata kidogo.

"Tanua kidogo kwa dole gumba!" Pandashuka alipiga kelele, ameshasimama. "Tanua ubavu, uipitishe kwa chini!"

Mkewe akageuza simu, akaitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili. "Dole gumba liko wapi hapa?"

"Halionekani, lakini..."

"Umeliandika wapi?"

Akalitazama dole gumba lake. Hakuwa ameliandika popote. Alikuwa hajui kama analitumia.

"Hizi picha ulizipigaje?"

Akajikuna kichwa. Alikuwa amelichukua lori lililokamilika, akalibomoa kipande baada ya kipande, kila anapotoa kimoja anapiga picha, halafu akazipanga kwa kuanzia ya mwisho. Aliona ni ujanja mkubwa.

Mkewe akacheka mpaka akashika ubavu. "Yaani umewafundisha watu kushona kwa kufumua! Baba, mkono wa koti nauchomoa dakika mbili. Lakini wakati wa kushona, kuna vitu lazima viingie kabla sijafunga bitana, nikichelewa haviingii tena." Akauchomoa ufito wa kulia, akailaza ekseli mahali pake, kisha ndipo akaufunga ufito juu yake. Ikaingia bila kubishana na mtu. Akabonyeza rimoti. Mkono ukashuka, ukakamata, ukanyanyua.

Pandashuka aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa ndogo. Wale wote waliomwekea mioyo, huenda walikwama hapohapo wakajiona wajinga, wakanyamaza. Akapiga picha mpya siku ileile, safari hii kwa kujenga, mkewe akiwa ndiye mikono. Akamtumia muuguzi picha hizo, akamwandikia: "Kosa ni langu, dada. Hukukosea popote. Samahani sana." Kisha akaenda jikoni kumenya vitunguu, maana deni la wiki lilikuwa limeshaanza.

Jumapili jioni video ikaja. Wakaitazama wote wawili, mabega yamegusana. Mzee kwenye kiti cha magurudumu, lori liko mezani mbele yake, rimoti mkononi, watu wamemzunguka. Kila mtu anasubiri. Mzee habonyezi. Pandashuka akasogeza uso karibu na simu.

"Limekwama," alinong'ona. "Limekwama tena."

Kwenye video yule muuguzi naye akainama. "Baba, halifanyi kazi?"

"Litafanyaje kazi?" Mzee aliwatazama wote kama vibarua wazembe. "Mbona hamgongi? Nanyanyuaje bila kugongewa?"

Muuguzi akaelewa. Akaligonga lori ubavuni kwa kiganja, pa, pa, kama wapakiaji wanavyomgongea dereva kwamba pipa tayari na watu wako salama. Mzee akaitikia kwa kichwa, akabonyeza. Mkono ukashuka, ukalikamata pipa, ukalinyanyua.

Pandashuka alilia, na hakusingizia vitunguu ingawa vilikuwepo.

Wiki ile dada yake alikuja, akaingia na swali lake la kila siku. Lori lilikuwa limerudi juu ya kabati, ile pini ya njano ikimwangalia kila mtu. Pandashuka alikuwa ameivumilia siku kadhaa, lakini mbele ya mgeni akaona bora airekebishe, akanyoosha mkono.

"Usiguse!" mkewe akasema kutoka kwenye cherehani, bila hata kuinua kichwa.

Dada mtu akashangaa. "Kwani hilo lori ni la nani?"

Pandashuka akaurudisha mkono taratibu, akauficha mfukoni. "La wifi yako," akasema, akaenda kuangalia chungu.