Silinda ya Tatu

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Gereji nzima ilimwita Taratibu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Wenye magari wakileta ugonjwa, wengi hupenda kuuonyesha kwa kukanyaga mafuta mpaka injini ilie kama inachinjwa. Yeye huinua mkono wenye grisi na kusema, "Taratibu, bwana. Niachie nisikilize." Kisha huinama juu ya injini, akafumba macho, na kwa muda huo hata wapiga soga wa getini hunyamaza. Akiyafumbua anataja: beringi ya pampu ya maji, au mkanda umelegea, au valvu moja imebana. Alikosea pia, si malaika, lakini kosa lake lilikuwa habari ya kusimuliwa wiki nzima.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, mtu mkavu wa maneno, ambaye alimkataza kushika spana mpaka ajue kutofautisha injini nzima na injini inayodanganya. Tangu hapo ndevu za Taratibu zimeota, zikajaa, na sasa zilikuwa nyeupe. Uwanja wao ulikuwa na paa la mabati upande mmoja na ukuta mrefu upande wa pili, ardhi nyeusi kwa mafuta ya miaka. Jirani yake wa kushoto alikuwa mnyoosha bodi, aliyegonga nyundo kutwa nzima kama mwenye ugomvi na dunia. Wa kulia alikuwa fundi umeme wa magari, kijana mwembamba aliyeitwa Waya, mwenye mzaha usioisha. Taratibu alikaa katikati ya kelele hizo zaidi ya nusu ya maisha yake na hakuwahi kuziba sikio hata kwa pamba.

Siku ambayo mkunga alileta gari lake, Taratibu alilipokea kwa moyo mweupe. Lilikuwa gari dogo la mkononi, jeupe, limetunzwa, viti bado vina harufu ya marashi ya mwenyewe wa kwanza. Mkunga alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, anayezunguka kwenye nyumba za mbali nje ya mji, kule juu kwenye vilima, kuhudumia wajawazito wasioweza kuteremka hospitalini.

"Kwenye tambarare linakwenda vizuri, fundi," alieleza. "Nikianza kupanda tu, linatetemeka kama mtu mwenye homa. Linakosa nguvu. Juzi nilidhani linazima."

"Linamisi, dada," alisema Taratibu. "Silinda moja inagoma kuwaka, tatu zilizobaki zinabeba mzigo wake. Hilo dogo. Kaa hapo unywe maji."

Akatoa plagi zote nne, akazipanga juu ya kitambaa. Tatu zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi tii, imelowa petroli. Akamwonyesha mkunga, akatabasamu kama daktari aliyeuona ugonjwa kwenye picha. Akafunga plagi mpya, gari likaunguruma vizuri, mkunga akashukuru, akaenda.

Akarudi kabla vumbi la kuondoka kwake halijatulia vizuri. Kilima kilekile, homa ileile.

Taratibu akakuna kichwa. Alijua pa kuanzia. Akahamisha nozeli ya petroli ya silinda ya tatu kwenda ya pili, aone kama ugonjwa utahama nayo. Haukuhama. Akapima waya za plagi kwa mita, moja baada ya nyingine, na kila waya ukasoma vizuri. Akapima mgandamizo wa silinda, zote nne zikawa sawasawa kama ndugu wa tumbo moja. Akafunga tena, akalijaribu pale uwanjani, nalo gari likatulia kama lisilojua kosa lolote. Yule kijana Waya akaja na mikono mfukoni.

"Mzee, niachie nilitazame kidogo. Huenda ni mambo ya umeme."

"Umeme nimeupima. Wewe nenda kachezee honi zako."

Waya akacheka, akaenda zake. Taratibu naye akacheka, lakini moyoni hakucheka. Gari lilikuwa linampiga chenga, na alikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Siku hizi, akifumba macho juu ya injini, hakupata picha. Zamani kila kitu kilisema kwa sauti yake, hiki huku, kile kule. Sasa kulikuwa na muungurumo mmoja mnene kama uji, na ndani yake hakuna kinachojitenga. Alijiambia ni uchovu. Alijiambia ni nyundo za jirani. Hata mjukuu wake alipokuja kukaa nao nyumbani, yeye Taratibu alilalamika kwamba mtoto analelewa vibaya, ananong'ona badala ya kuongea.

Mkunga aliporudi mara ya tatu, Taratibu alisema maneno ambayo baadaye aliyajutia.

"Imebaki valvu. Inaziba vizuri ikiwa baridi, ikipata moto inavujisha. Inabidi nifungue kichwa cha injini."

"Ni lazima, fundi? Gari nalihitaji kila siku."

"Dada, ukitaka nikubembeleze nitakubembeleza. Ukitaka lipone, niachie."

Akafungua. Alifanya kazi safi, hakuna atakayemsema kwa hilo. Alisaga valvu zote mpaka zikakaa, akaosha, akaweka gasketi mpya, akakaza bolti kwa mpangilio kama alivyofundishwa. Lakini alipoitoa valvu ya silinda ya tatu na kuigeuzageuza kwenye mwanga, haikuwa na kasoro. Aliitazama muda mrefu. Akaisaga hivyohivyo, maana angemwambia nini mtu?

Mkunga alichukua gari asubuhi. Mchana wa siku hiyohiyo aliitwa kilimani, na gari likamfia katikati ya mwinuko. Akaliacha kando ya njia, akabeba mkoba wake, akapanda kwa miguu kwenye jua. Alipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa, amepokewa na shangazi mtu, na mama alikuwa anavuja damu kuliko inavyotakiwa. Mkunga akaizuia. Wote wawili walikuwa wazima. Aliyasimulia hayo gerejini kwa sauti ya chini, bila kumlaumu mtu, na Taratibu, ambaye alilazimika kumtazama midomo ili ayapate yote, alitamani angemtukana.

"Twende tukapande wote," alisema hatimaye. "Nilione likiugua."

Wakaenda mpaka kwenye mwinuko wa kwanza nje ya mji, mahali pasipo nyumba wala nyundo. Gari likaanza homa yake. Taratibu akasimamisha, akafungua boneti, akarudi kwenye usukani. Akakaza breki, akaacha gia ndani, akakanyaga mafuta kidogo injini ivute mzigo gari likiwa limesimama.

"Simama hapo pembeni, dada, usikae mbele. Niangalizie kama kuna moshi."

Mkunga akainama. Taratibu akamwona anasema kitu. Akatoa kichwa dirishani.

"Nini?"

Mkunga akaja mpaka mlangoni. "Nauliza, hiyo inayolia tik-tik ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo. Tik, tik, tik. Huisikii?"

Wakabadilishana. Mkunga akashika breki, yeye akaenda mbele, akainama, akafumba macho kama alivyofanya maisha yake yote. Muungurumo aliupata. Mtetemo aliupata, uliingia kwenye viganja na kupanda mpaka mabegani, na silinda iliyogoma aliihisi kama jino linalotikisika. Tik-tik hakuipata. Alisogeza sikio la kulia, akasogeza la kushoto. Alikaribia mpaka joto la injini likamchoma shavu. Kwa upande wake, kilichokuwa pale hakikuwapo.

Alishtuka kuguswa begani. Injini ilikuwa imezimwa na mkunga alikuwa amesimama nyuma yake.

"Fundi, nimekuita kwa jina mara kadhaa," alisema kwa upole, akimtazama usoni. "Nilikuwa hapa hapa mgongoni kwako."

Mkunga akanyoosha kidole kwenye waya wa plagi ya silinda ya tatu, pale unapopita jirani na kipande cha chuma. "Ilikuwa inatoka hapa."

Taratibu akauinua waya, akaugeuza. Upande wa chini, usioonekana, mpira ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kwenye chuma kulikuwa na alama ya kuungua, nyeupenyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele. Injini ikivuta mzigo inalala upande, waya unagusa chuma, na cheche inarukia hapo badala ya kwenda kwenye plagi. Kwa mita waya ulikuwa mzima, kwa sababu ndani haukukatika. Kwa sikio ungejulikana siku ya kwanza. Mjomba wake angeutaja akiwa bado anafunga mlango wa gari.

"Kichwa cha injini yako nilikifungua bure," alisema.

"Gari litapona, fundi."

"Nilikifungua bure, dada."

"Nenda kapime masikio," alisema mkunga. "Mimi kazi yangu ni kusikiliza mapigo ya moyo ya watoto wasiozaliwa. Nikijua sisikii, sitamgusa mama wa mtu."

Hakuyasema kwa ubaya. Ndiyo maana yalimwingia.

Jioni hiyo aliufunga waya mpya wa plagi, na gari halikutetemeka tena. Akaenda nyumbani, akamkuta mke wake anachambua mboga mezani. Akakaa mbele yake.

"Tangu lini unajua kwamba sisikii?"

Mke wake akaacha mboga. "Tangu kabla ya harusi ya binti yetu."

"Miaka yote hiyo! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba. Hukusikia."

Kwanza wote wawili walicheka. Ilikuwa inachekesha kweli. Kisha mke wake akafunika uso kwa ncha ya kanga, na yeye akabaki anazitazama zile mboga, hajui mikono aiweke wapi.

Hospitali alikwenda akiwa na tumaini moja, kwamba ni nta. Alijipa moyo njiani: watasafisha, kitu kitatoka, dunia itafunguka. Daktari, binti mdogo mwenye umri wa mwanawe, alimulika ndani ya masikio, akasema ni safi kabisa. Akamfungia kwenye chumba kidogo, akamvalisha vipokea sauti vya masikioni, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Taratibu alikaa na kidole juu ya kitufe. Alisubiri. Aliona kupitia kioo daktari anabonyeza kitu, anamtazama, anabonyeza tena. Aliona aibu, akabonyeza mara mbili kwa kubahatisha, na kwa jinsi daktari alivyoinamisha macho akajua ameumbuka.

"Sauti nene unazo, mzee. Nyembamba zimekwenda. Ni mishipa ya ndani, imeharibiwa na kelele."

"Dawa yake?"

"Hairudi. Kuna kifaa cha kukusaidia kwenye maongezi."

Kifaa akapewa. Nyumbani kilimsaidia kidogo, akamsikia mjukuu wake akiuliza kwa nini babu ana kitu sikioni. Gerejini kilikuwa adhabu. Kila nyundo ya jirani ilimpasua kichwa, na kati ya hizo nyundo injini zilibaki uji uleule. Hakumaliza siku, akakivua, akakitia mfukoni mwa shati.

Akaacha injini. Alitangaza mwenyewe, kwa mkato, kwamba kuanzia sasa anafanya breki na matairi, vitu vinavyoonekana kwa macho. Wenzake wakasema sawa upesi mno. Wateja wa zamani walikuja, wakafungua boneti, wakasimama wakimngojea afumbe macho, naye akawaonyesha kwa kidole alipo Waya. Mmoja alidhani ni mzaha, akaanza kukanyaga mafuta. Taratibu hakuinua mkono. Aliendelea kufungua tairi.

Watu walimwambia ajikaze, breki nazo ni kazi, tena ya kuokoa roho za watu. Alikubali kwa kichwa. Hakuna aliyekuwa na kosa, na hilo ndilo lilimchosha zaidi, maana hakuwa na wa kumkasirikia. Akiwa amelala chali chini ya gari alitazama miguu ya wenzake ikija na kwenda, na akijitoa aliona midomo ikicheka upande ule, asijue wamecheka nini, asiulize.

Mchana mmoja alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la gari la mteja. Lori likawa linarudi nyuma kutoka getini, dereva akipiga honi, watu wote wakipiga kelele. Yeye aliona tu kivuli kinaufunika mkono wake. Kisha akavutwa kwa ukosi, akaanguka kwa mgongo kwenye mafuta, na Waya akaangukia juu yake, kijana amekuwa wa kijivu usoni, bila mzaha wowote. Lori lilisimama pale alipokuwa amechuchumaa.

Siku ya pili wakaja wawili, mnyoosha bodi na Waya, wakasimama mbele yake na kusema kwa kutamka kila neno, kwamba wamefikiria, kwamba ingekuwa bora ahamie kule mwisho kabisa, kwenye kona, ambako magari hayapiti, afanye kazi mgongo ukiwa ukutani. Waya alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sawa," alisema Taratibu.

Wakataka kumbebea sanduku la spana. Akakataa. Alilivuta mwenyewe, likichora mstari kwenye ardhi nyeusi, akisimama mara moja kupumzika, akaliweka kwenye kona, akageuka akauegemea ukuta. Kutoka hapo aliuona uwanja wote, nyundo ikipanda na kushuka, watu wakiitana. Kwa masikio yake uwanja ukawa umetulia tuli.