Nyumba ya Ndege Niliyomtengenezea Padre

Wacha niwaambie mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kalama, maana wao wakifika kwa nyuki hucheka hadi wanashika mbavu, na mimi sehemu inayonikosesha raha si hiyo ya nyuki hata kidogo. Naona aibu hadi leo. Kanisani siku hizi nakaa benchi la nyuma kabisa, kama mgeni.

Mambo yalianzia mdomoni mwangu. Padre wetu alikuwa anahamishwa, jumuiya ikawa inatafuta zawadi ya kumuaga, sasa Mama Mutheu (ndiye mwenyekiti wetu) akasema Padre anapenda ndege sana, si mmemwona akiwamwagia makombo ya mkate kila asubuhi, basi tumnunulie nyumba ndogo ya ndege, ile ya mbao, aende nayo huko anakoenda. Watu wakakubali. Mambo yangeishia hapo. Lakini mimi, karani wa stoo ya vitambaa huko kwenye viwanda vya EPZ, Athi River, mtu ambaye hata mguu wa kiti ukilegea huita fundi, nikajisikia nikisema, "Ya kununua ya nini? Nitaitengeneza mwenyewe."

"Wewe, Mutua?" Mama Mutheu akauliza.

"Ni nyumba ya ndege, Mama Mutheu, si ndege ya kwenda Mombasa."

Wakacheka, wakanipigia makofi, na mimi makofi yakaniingia kichwani.

Jumamosi nikaenda kwa mama kutafuta mbao. Mama anaishi peke yake tangu baba afariki, na nyonga yake ikiwa mbaya hawezi kutembea bila mkongojo, lakini siku hiyo nikaambiwa amebebwa na bodaboda kwenda Kola kumwona dadake. Nyuma ya jiko kulikuwa na mizinga ya marehemu baba, ile ya masanduku ya mbao, imekaa miaka bila nyuki. Ningempigia simu nimwulize. Sikupiga, kwa sababu nilijua vile huwa anaipangusa vumbi, nikaogopa atakataa. Nikauvunja ule wa chini kabisa nikijiambia hataona. Mbao zilikuwa na madoa meusi ya kunata yenye harufu tamu, nikasema afadhali, hizi hazitaingia maji.

Kazi yenyewe msiniulize. Nilipima mara moja nikakata mara nne, ukuta mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake, paa likalala upande kama kofia ya mlevi, nikajigonga kidole gumba hadi kucha ikawa nyeusi, na ule mlango wa ndege niliutoboa kwa misumari na patasi ukapasuka, ukawa mkubwa hata kifaranga cha kuku kingepita. Chini sikuwa na mbao ya kutosha, kwa hivyo nikashikilia kipande kwa misumari miwili tu. Lakini ilisimama! Nikaipiga picha, nikaituma kwa grupu ya jumuiya, nikasifiwa mpaka nikaamini.

Halafu badala ya kuiweka nyumbani ingoje siku yake, nikaitundika kwenye mti wa kanisa wiki mbili mapema, ati Padre aikute tayari iko na wapangaji. Na kweli, Mama Mutheu akaniandikia kwamba kuna vitu vinaingia na kutoka. Mimi "vitu" nikasoma ndege.

Jumapili yenyewe, baada ya misa, watu wote walikusanyika pale nje, wazee kwa viti vya mbele, mama yangu akiwa kati yao karibu kabisa na mti. Padre akainua macho, akatabasamu.

"Mbona hawaimbi?"

Kulikuwa na mngurumo fulani, lakini nikadhani ni spika za kwaya. "Wamelala, Padre. Wacha niwaamshe." Nikauchukua mkongojo wa mama, nikagonga sanduku kama mtu anayebisha hodi.

"Mutua," mama akasema nyuma yangu, polepole, "hizo mbao umezitoa wapi?"

Nikagonga tena, na kile kipande cha chini kikaanguka.

"Nzuki!" mtu akapiga kelele kwa Kikamba. Na walikuwa nyuki kweli, wingi wao sijawahi kuona, harufu ya nta ilikuwa imewaita. Watu walikimbia, viti vikapinduka, na mimi nilikimbia kuliko wote, nikaingia sakristia na wanakwaya kadhaa, nikafunga mlango. Hapo ndipo nilipotazama mkono wangu. Nilikuwa bado nimeushika mkongojo.

Kupitia dirisha nikamwona mama pale pale kwenye kiti, amejifunika uso kwa mikono. Aliyerudi kumchukua alikuwa Padre. Alivua kanzu akamfunika nayo, akamkumbatia, akamvuta hatua kwa hatua hadi ndani ya kanisa, yeye mwenyewe akiwa na fulana tu. Mimi niliangalia. Mkono ulikuwa kwenye kitasa na haukufungua.

Mama alilazwa siku mbili hospitalini mjini, uso umefura, na Padre akahama jicho moja likiwa limefumba. Nilipoenda kumwona mama, alinikagua uso na mikono.

"Na wewe uliumwa?"

"Hapana, mwaitu. Hata na mmoja."

Akageukia ukuta. Baadaye akasema, "Huo mzinga, ungeniomba ningekupa."

Hajawahi kuniuliza lingine, na ningependa aniulize, hata anigombeze.

Basi siku hizi kwenye jumuiya wakiuliza nani atafanya nini, mimi nafunga mdomo, lakini hiyo ni nadhiri ndogo. Ile kubwa niliiweka pale hospitalini, kwamba popote nitakapokuwa na mama, kukitokea lolote, nitamtafuta yeye kwanza kabla ya kutafuta pa kujificha. Bado sijajaribiwa. Na niwaambie ukweli, naogopa siku hiyo kuliko nyuki.