Nilizikunja Ndoano za Kaka Yangu

Nimekosa, jamani, na hakuna wa kumsingizia. Jina siandiki, maana kaka yangu bado anaamini kosa ni lake.

Kaka ni mlinzi wa geti huko Midrand, Afrika Kusini. Tulitoka Bukavu pamoja, na ndiye aliyenisomesha hadi nikapata digrii. Siku ya mapumziko huvua besi, yule samaki wa mdomo mkubwa anayejificha chini ya magugu maji. Hatumii minyoo. Humburuza chura wa mpira juu ya majani, polepole, mpaka samaki apasue magugu na kumrukia.

Mzee mmoja mwenye bwawa alimwona akivua, akamtaka awe kiongozi wa wageni wake wanaokuja kuvua. "Jumamosi nitolee samaki mmoja kwenye magugu yale," alimwambia, "Jumatatu uanze kazi." Kaka aliimba wiki nzima! Miaka tisa ya kusimama getini, na sasa mlango umefunguka.

Ijumaa alienda zamu, akaniachia vifaa nivifute vumbi. Nikamwona yule chura. Ndoano zake mbili zilikuwa zimechomoza kidogo mgongoni. Nikaanza kuwaza. Je, zikinasa majani? Je, zikinasa mbele ya mzee? Mwishowe nikachukua koleo, nikazikunja zikalala kabisa kwenye mpira. Nikajiona nimemwokoa!

Sikujua kwamba kaka ndiye aliyezipanua kwa makusudi, ili zimnase samaki mdomoni. Sikumpigia hata simu kumuuliza.

Jumamosi nilimsindikiza bwawani. Chura aliteleza juu ya magugu bila kunasa hata jani. Mara, pwaa! Samaki akamrukia. Kaka akasubiri, akavuta kwa nguvu. Chura akarudi akiruka hewani, mtupu. Mara ya pili, mtupu. Mara ya tatu nikaona tumbo la samaki, mkubwa kama mkono wangu, akazama zake.

"Eish, rafiki yangu," mzee akacheka, "unawanyang'anya chakula kabla hawajala! Wageni wangu nao utawafundisha hivyo?"

Njiani kaka aliniuliza taratibu, "Mdogo wangu, wewe uliniona. Niliharakisha kuvuta?"

Hapo ndipo ningesema! Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikajibu, "Labda kidogo, kaka."

Mungu wangu! Labda kidogo!

Usiku huo nilizipanua tena ndoano, kimyakimya. Hata ushahidi niliufuta.

Sasa kaka anasimama uani kwetu Kensington, hapa Johannesburg, na fimbo ya kuvulia isiyo na chambo, anahesabu: "Moja, mbili, vuta. Moja, mbili, vuta." Jana mkewe alimwambia, "Baba Neema, acha basi, watu wanakuchungulia." Akajibu, "Mikono yangu ina haraka, mama. Nilipoteza kazi kwa mikono yangu mwenyewe."

Nilikuwa jikoni. Nilisikia kila neno. Na yule mzee ameshachukua mtu mwingine.

Ninyi mnaojiona mna akili, msiguse chombo cha fundi kabla hamjamuuliza kwa nini kiko hivyo. Na ukishaharibu, sema siku ileile. Mimi nina ukweli mdogo tu wa kusema, dakika moja inatosha, na kila nikienda uani namkuta anahesabu, nageuka narudi ndani.