Dobi na Bwana wa Suti ya Kijivu

Dobi aliwajua watu kwa nguo zao. Sura hazikumkaa kichwani, lakini kola iliyochakaa upande mmoja aliikumbuka hata mwenyewe alipokwisha kuhama mtaa. Mteja wa shati la mistari akipita barabarani na fulana, dobi alipishana naye kama hawajuani. Watu wakasema ana maringo. Maringo hakuwa nayo. Hata pa kuyaweka hakuwa napo.

Kazini hilo halikumsumbua, maana kilichokuja kufuliwa ni nguo, si mtu. Shida ilikuwa sinema. Watu wa sinema hawatulii na vazi moja. Ndiyo maana miaka yote ya ndoa yao mkewe alikaa ubavuni pake gizani, mdomo sikioni: "Huyo ndiye yule wa koti la kahawia. Kabadilisha." Waliokaa mbele wakigeuka na kusonya, mkewe aliwaambia wanaotaka kimya wakalale kwao.

Kisha binti yao, aliyeolewa nchi ya mbali yenye baridi, akajifungua mapacha, na mama mtu akaenda kumsaidia kwa wiki chache. Wiki chache zikaota mizizi. Mapacha sasa wanatembea, na kila simu ina sababu yake: huyu anaota meno, yule anakohoa. Dobi hakuwahi kumwambia rudi. Angeanzaje? Mtu mzima hagombanii mke na wajukuu wake. Akajikaza kisabuni, akawa anakwenda sinema Jumamosi mchana peke yake, na kurudi na maoni.

Maoni hayo aliyapokea Dada Vifungo, mshonaji aliyeweka cherehani yake kando ya meza ya kupigia pasi, naye pia mpenzi wa sinema. Ile ya vita, dobi alieleza, ni habari za mwanajeshi mmoja asiyekufa: anapigwa risasi, anaanguka, mbele kidogo unamkuta kasimama. Ya wezi wa benki ina watu wengi mno, benki yenyewe isingewatosha. Ya mahakamani ndiyo filamu. "Hakimu yule ana msimamo," alisema. "Mwanzo hadi mwisho, joho lile lile."

Jumatatu moja alifika amenuna, akaikandamiza pasi kana kwamba suruali imemkosea adabu.

"Juzi nimeona uchafu," alisema. "Mume kaenda ng'ambo kutafuta kazi. Mke yuko dirishani analia mpaka unamwonea huruma. Mara hodi! Anaingia bwana wa suti ya kijivu. Mwanamke kamrukia! Na watoto nao, bila haya, wananing'inia shingoni. Halafu watu ukumbini wanafuta machozi, eti wamefurahi. Nikanyanyuka, nikatoka zangu."

Cherehani ikanyamaza.

"Mzee," Dada Vifungo alisema, "huyo ndiye mumewe."

"Mumewe ana ovaroli."

"Alikuwa na ovaroli. Karudi, mzee wangu. Suti kainunua huko huko. Filamu nzima ilikuwa inangoja hapo tu."

"Mbona hata ndevu hana?"

"Kanyoa! Ulitaka aje na jasho lake la bandarini? Watu wazima tunalia kwa raha, wewe unatoka umekasirika!" Akacheka hadi sindano ikamponyoka. Alipoinua macho akamwona dobi ameshika pasi hewani, haipeleki popote. Akaacha kucheka.

Jioni dobi aliketi kitandani, akafungua picha aliyotumiwa na binti yake. Mwanamke kasimama katikati ya mapacha: koti zito jeusi lenye manyoya kolani, buti, kofia ya sufu imeshuka hadi nyusi. Alishaitazama mara nyingi, na alijua ni mkewe kwa sababu aliambiwa hivyo. Sasa aliitazama kama mtu aliyekwenda uwanja wa ndege kupokea mgeni. Koti lile hajapata kulifua. Lingempita pembeni likivuta sanduku, naye angelipisha kwa adabu.

Akapiga simu.

"Haya, lete habari," mkewe alisema. "Umeona ipi?"

"Ya mume aliyerudi."

"Nzuri?"

"Watu walilia." Akahamishia simu sikio la pili. "Hilo koti jeusi, utakuja nalo?"

"Nije nalo wapi?"

"Nyumbani."

Walikuwa wamelizunguka neno hilo kwa muda mrefu, kila mmoja akimwachia mwenzake atangulie kulitamka.

"Na joto lenu hilo?" mkewe alisema, sauti imeshuka. "Nitavaa gauni la kijani. Bado ninalo."

"Linakuenea?"

"We mzee, una adabu kweli?"

"Nauliza kikazi."

Mkewe akacheka, na dobi akaibana simu sikioni asipoteze hata kidogo.

"Basi siku ukilitoa sandukuni," alisema, "siku hiyo hiyo niambie."

Akamsikia akivuta pumzi ajibu. Nyuma yake mtoto akaangua kilio, wa pili akadakia. "Ngoja, usikate," mkewe alisema, akaiweka simu mahali.

Dobi hakukata. Alibaki pale kitandani akiisikiliza sauti anayoijua ikimbembeleza mtu mwingine.